Mhanga Mwenye Ploti

Mhanga wa Kibomet, pale Kitale, alichimba vyumba kumi kwa makucha yake mwenyewe. Hakuajiri fundi wala hakukopa. Udongo mwekundu wa Trans Nzoia ulimtii, na kiangazi kimoja kilitosha: safu mbili za vyumba vitano vitano, uwanja katikati, kisima nyuma, choo cha shimo kwenye kona. Kila chumba kikapata mlango wa mabati, komeo na kufuli. Alipopigilia msumari wa mwisho alijipangusa vumbi kwenye pua yake ndefu, akawaambia majirani, "Sasa kazi imekwisha. Kilichobaki ni kupokea."

Mabaya yote ninayosimulia hapa yalitoka katika neno hilo.

Anayemjua mnyama huyu anajua tabia yake. Huchimba shimo, hulala humo siku chache, kisha huliacha akaenda kuchimba jingine. Nyuma yake huja ngiri, nungunungu, nguchiro, hata chatu, wakahamia bila kubisha hodi. Porini hakuna kodi. Kibomet ipo, na Mhanga aliipanga kuwa shilingi 2,500 kwa chumba kwa mwezi, kwa kuwa ndiyo waliyokuwa wakitoza wenye ploti wenzake. Akapiga hesabu: vyumba kumi, miezi kumi na miwili, shilingi 300,000 kwa mwaka. Akaona uzee wake hautalala njaa.

Wapangaji hawakukawia. Wa kwanza alikuwa Fisi, aliyetaka chumba cha mbele kinachotazama barabara. Alitoa kodi ya miezi mitatu papo hapo, noti kwa noti, na Mhanga hakumuuliza kazi yake, wala alikotoka, wala sababu ya kuhama huko alikotoka. Wenye ploti wengi huona anayelipa mapema hana haja ya kuulizwa, na nimewaona wakijutia baadaye.

Wa pili alikuwa Nguchiro. "Mko wangapi?" Mhanga aliuliza. "Mimi na mke wangu tu, Mzee." Usiku ule kweli walilala wawili. Wiki iliyofuata akaja shemeji anayetafuta kazi mjini, kisha mama mkwe aliyeletwa hospitali, kisha binamu wa shemeji na rafiki wa binamu. Mwezi ulipoisha, mlango ule ukifunguliwa alfajiri walitoka nguchiro ishirini, kila mmoja na kopo lake la maji, mbio kwenda kisimani.

Wa tatu alikuwa Ngiri, na mkewe na watoto wanne. Alitoka upande wa Bungoma, kwa matatu iliyopita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na mzigo wao ulikuwa godoro moja na sufuria tatu. Riziki yake ilikuwa vibarua vya mashambani: kupanda mwezi wa tatu na wa nne, kupalilia baada ya hapo, kisha kungoja mpaka mavuno yanapoanza mwezi wa kumi. Hakuficha kitu. "Mzee," alisema, "pesa yangu inafuata mahindi. Iko miezi nitalipa yote, na iko miezi nitalipa nusu, halafu nitafidia wakati wa kuvuna."

"Tutaelewana," Mhanga akajibu.

Sijui neno lililoharibu makao mengi ya kupanga kuliko hilo. Ngiri alilisikia kama ruhusa. Mhanga alilitamka kama njia ya kumaliza mazungumzo. Kila mmoja akaenda zake na mkataba wake kichwani, na mikataba hiyo miwili haikufanana hata kidogo.

Wa nne alikuwa Nungunungu, fundi seremala, mpole, asiyependa kugusana na watu. Yeye peke yake ndiye aliyeomba karatasi.

"Mzee, tuandikiane."

"Tuandikiane nini?"

"Kwamba nimeingia tarehe hii. Kwamba chumba nimekikuta hivi. Kufuli ni lako au langu. Nikitaka kuhama nikupe notisi ya muda gani, na wewe ukinitaka nihame unipe muda gani. Maji yakiingia ndani, nani anatengeneza."

Mhanga alivuta pumzi mpaka masikio yakasimama. "Mtoto wangu, unaniona mimi mwizi? Wenzako wote wameingia kwa mdomo tu."

"Sikuoni mwizi, Mzee. Nilipanga Webuye kwa mwenye nyumba mzuri sana, na hatukuandikiana kwa sababu tulipendana. Alipofariki, wanawe hawakujua tulichokubaliana. Walijua tu kwamba kuna mtu anakaa kwenye nyumba ya baba yao."

Mhanga alimpa chumba. Karatasi hakumpa.

Vyumba vingine sita vilijaa vivyo hivyo, na Mhanga akaona hana sababu ya kubaki. Vichuguu vizuri vya mchwa viko mbali, chini ya vilima vya Cherangani, na huko ndiko moyo wake ulikokuwa. Akamtafuta keateka, akampata Kicheche. Alimpa mshahara mdogo wa mwezi na maagizo mawili: kusanya kodi uniletee, na ukisikia shida uniambie. Namba ya simu ya kutumia kodi ikawa ya Kicheche mwenyewe, maana Mhanga hakutaka simu yake ilielie kila tarehe tano. Kicheche naye, kama mjuavyo, ana harufu isiyomruhusu mtu kumkaribia sana. Hakuna aliyewahi kuinama juu ya daftari lake asome kilichoandikwa.

Mvua ikaja. Aliyewahi kukaa Kitale anajua kwamba ikishaanza haina haraka ya kuondoka. Maji yakateremka mtelemko yakaingia chumba cha Nungunungu kwa mlango. Akamwambia Kicheche. "Nitamwambia Mzee," Kicheche akasema. Akamwambia tena, akajibiwa lile lile. Mara ya tatu Nungunungu hakungoja jibu. Alinunua simiti na mawe, akajenga kizingiti na mtaro mdogo wa kupeleka maji nje, akatumia shilingi 1,400, akaweka risiti kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Mwisho wa mwezi akatuma 1,100 na maelezo. Kicheche akaandika: *Nungunungu, pungufu.*

Choo, kilichochimbwa kwa kukadiria familia ndogo kumi, kikajaa kwa ajili ya nguchiro ishirini. Foleni ya kisimani ikaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Na kule mbele, Fisi akapaka ukuta rangi, akaandika HOTELI YA SUPU, akaweka mabenchi mawili na spika. Wateja wake walikuja giza likiingia na wakaondoka jogoo akiwika, na kicheko chao mnakijua. Mama Ngiri, ambaye ukuta wake ulipakana na jiko la Fisi, alikwenda kuomba sauti ipunguzwe, watoto walale. "Mimi nimelipa," Fisi akamwambia, akaendelea kukata mifupa. Akaenda kwa Kicheche. Kicheche alikuwa amekaa kwenye benchi la kwanza, bakuli mkononi, na supu ile alikuwa hailipii.

Ngiri naye alikuwa amefika ile miezi aliyoisema. Mwezi wa tano alituma 1,500. Mwezi wa sita alituma 1,000 na kumkabidhi Kicheche mahindi gorogoro kumi, wakakubaliana bei pale pale mlangoni. Mwezi wa saba alituma 1,500 tena. Taarifa iliyofika Cherangani ilikuwa fupi: Ngiri, miezi mitatu, hajatoa kitu.

Mhanga alifika Kibomet jioni, mvua ikinyesha. Hakuingia chumba chochote. Hakwenda kutazama choo, hakuuliza ile hoteli ilianza lini. Alishika karatasi ya Kicheche akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa Ngiri.

Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, ili meno yake yabaki upande wa mlango kuwalinda watoto. Ndivyo Mhanga alivyomkuta, ameketi amewapa watoto mgongo, anatazama nje. Mwenye ploti hakusalimu. Alipitisha ukucha chini ya bawaba ya juu, msumari ukatoka. Akashukia ya katikati. Bati likaanza kupiga kelele kwa upepo. "Mzee, nimetuma," Ngiri alisema. "Kwa nani?" "Kwa keateka." "Keateka anasema hujatuma." Bawaba ya chini ikatoka. Kutoka ndani Mama Ngiri akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, na watoto hawa nao wanadaiwa?" Mhanga hakujibu. Akajitwika mlango mgongoni akaondoka nao.

Ngiri alisimamisha godoro mahali mlango ulipokuwa, akalishikilia kwa bega mpaka kukakucha. Asubuhi hakuna aliyeweza kuliinua, maana lilikuwa limekunywa mvua ya usiku mzima. Mtoto wa mwisho alikuwa anakohoa.

Nasimama hapa kidogo. Kung'oa mlango, kuezua bati, kufunga maji, kupachika kufuli la pili juu ya kufuli la mpangaji: mambo haya yanafanyika katika miji yetu mchana kweupe, na yanasimuliwa vilabuni kama ujanja wa biashara. Ni ukatili, na mara nyingi ni kosa la jinai. Anayeyafanya huwa hajajaribu njia nyingine hata moja.

Aliyemwambia Mhanga hivyo alikuwa Kunguru. Makao ya Kunguru ni juu ya paa la mahakama ya Kitale, na Kibomet huja kwa ajili ya mifupa ya Fisi tu. Miaka mingi amesikiliza kesi kupitia matundu ya hewa, na ana kumbukumbu ambayo mawakili wangeilipia. Alimkuta Mhanga njiani, amejikinga mvua chini ya ule mlango.

"Mlango wa nani huo, Mzee?"

"Wangu. Nimeununua, nina risiti."

"Bati ni lako. Chumba ni cha aliyepanga mpaka upangaji wake ukatishwe kwa sheria. Kodi yako ni ngapi?"

"2,500."

"Basi uko ndani ya Sura ya 296, Sheria ya Kudhibiti Kodi. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Baraza la Kodi. Humpandishii mpangaji kodi kwa hasira, humtoi bila amri ya Baraza. Na ukimsumbua makusudi ili ahame mwenyewe, wewe ndiye mshtakiwa."

Mhanga aliuweka mlango chini. "Kwa hivyo mtu akikataa kulipa, nikae nimtazame?"

"Sijasema hivyo. Deni ni deni. Mdai kwa maandishi. Asipolipa nenda Barazani na daftari lako. Ukipewa idhini, dalali mwenye leseni atakamata mali yenye thamani ya deni. Hiyo ni Sura ya 293. Wewe mwenyewe hukamati hata kijiko."

"Njia ndefu hiyo."

"Ndefu kwa asiye na daftari. Daftari lako liko wapi, Mzee? Sheria hiyo hiyo inakutaka uweke daftari la kodi, utie sahihi kila malipo, na mpangaji awe na nakala yake."

Mhanga alitazama ile karatasi ya Kicheche. Mvua ilikuwa imefuta nusu.

Walikubaliana jambo lipelekwe kwanza kwa mzee wa mtaa, Korongo Taji. Kwao ni kwenye kinamasi cha Saiwa, mwendo mfupi kutoka Kitale kwa njia ya Kapenguria, hifadhi ya taifa tangu 1974, ndogo sana, ambamo nzohe, kima, fisi maji na ndege wa kila rangi wanaishi ubavu kwa ubavu. Aliyelelewa mahali padogo penye wengi anajua kusuluhisha. Kikao kikawekwa Jumamosi, chini ya mkuyu, na wapangaji wote wakaitwa, maana Korongo alikataa kumsikiliza mwenye ploti na mdaiwa peke yao. "Nyumba kumi zenye kisima kimoja," alisema, "ni kesi moja."

Akaanza na daftari. Kicheche alilileta likinuka, na Korongo akawa wa kwanza kulisogelea. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina kumi kwa mwandiko mzuri. Ukurasa wa pili ulikuwa mtupu, na wa tatu, na yote iliyofuata mpaka jalada.

Ngiri akatoa simu. Kioo kilikuwa kimepasuka lakini ujumbe ulisomeka: 1,500 mwezi wa tano, 1,000 mwezi wa sita, 1,500 mwezi wa saba, zote kwa namba ya Kicheche, tarehe na saa. Jumla 4,000. Yale mahindi hayakuwa na ujumbe. Kicheche akasema hayajui mahindi. Mtoto wa tatu wa Ngiri, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Ulikuja na gunia letu, ukasema utalirudisha." Watu wakanyamaza. Gunia lilikutwa nyuma ya mlango wa keateka.

Kwa miezi mitatu Ngiri alipaswa kulipa 7,500. Ukiondoa pesa na thamani ya mahindi, alibaki akidaiwa chini ya 3,000. Alikuwa mdaiwa kweli, na hakukana. Lakini mwenye deni la chini ya mwezi mmoja na nusu alikuwa ameng'olewa mlango kwa deni la miezi mitatu, na pesa zake zilikuwa zimelala tumboni mwa mtu aliyeajiriwa na mwenye ploti.

"Nimtoe basi, nianze upya na mwingine," Mhanga akasema kwa uchovu.

Hapo Nungunungu, ambaye hasemi hadharani, akasimama. "Mzee, nilikuwa Webuye kiwanda cha karatasi kilipofungwa, 2009. Wafanyakazi walifunga mizigo wakarudi makwao. Vyumba tulivyokuwa tukigombea vikakaa wazi, popo wakahamia, na popo hawalipi. Baba Ngiri alikuambia siku ya kwanza pesa yake inafuata mahindi. Mpangie kodi ifuate mahindi."

Wakapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Kodi ya mwaka ni 30,000. Miezi sita ya mvua na njaa, Ngiri alipe 1,500 kila mwezi. Miezi sita ya mavuno na ya kupanda, wakati vibarua vimejaa, alipe 3,500. Tisa elfu na ishirini na moja elfu, jumla ni ile ile 30,000. Mhanga alirudia kujumlisha mara tatu akitafuta mahali anapoibiwa. Hakupaona. Hesabu hiyo ilikuwa inawezekana tangu siku ile aliposema "tutaelewana", ila ilihitaji kukaa chini dakika chache.

Risiti ya Nungunungu ilipokewa: 1,400 zikakatwa kwenye kodi, na ikaandikwa kuwa matengenezo yanayozidi siku saba bila mwenye ploti kujibu, mpangaji anaweza kuyafanya kwa risiti na kukata. Nguchiro wakaambiwa wajipange mstari. Mstari ukazunguka mkuyu. "Hawa ni wageni," alisema Nguchiro. "Wageni wa tangu lini?" aliuliza Korongo. Wakapewa mwezi mmoja kutafuta chumba cha pili kwa kodi yake, au kurudi wawili walivyoingia. Kicheche alifukuzwa kazi siku ile ile, akatakiwa arudishe mahindi na pesa.

Mhanga akapata nguvu. Akamgeukia Fisi. "Na wewe leo hii utoke na mabenchi yako. Nilikupangisha chumba cha kulala."

Fisi alitabasamu. Kunguru, kutoka juu ya tawi, akakohoa.

"Samahani, Mzee. Uliandika wapi kwamba ni cha kulala?"

"Sikuandika."

"Umemwona akiuza supu tangu lini?"

"Keateka alimwona."

"Keateka ni jicho lako. Umepokea kodi ya chumba chenye hoteli, mwezi baada ya mwezi. Sasa uko katika Sura ya 301, sheria ya maduka na hoteli. Upangaji wa biashara usioandikwa unalindwa na sheria hiyo, na hata ulioandikwa, ukiwa hauzidi miaka mitano, nao kwa kawaida umo. Ukitaka kumtoa au kubadili masharti, umpe notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria. Naye ana haki ya kwenda kwenye Baraza lake kupinga."

Sijawahi kumwona mwenye ploti akishangaa kama Mhanga alivyoshangaa. Siku zote aliamini kutoandika kunamwacha huru kufanya atakavyo. Kumbe pale asipoandika ndipo sheria inapomwandikia, na huandika upande wa anayekaa ndani. Wenye majengo ya barabarani, kuanzia Kitale mpaka Kanduyi, wangefaa kulijua hili kabla mpangaji hajapaka rangi ukuta wa mbele.

Fisi hakutoka. Ila Korongo alimbana kwa lile lililowezekana: spika izimwe saa tatu usiku, mifupa izikwe mbali na kisima, na atie sahihi mbele ya jirani zake wote. Alitia. Wale waliokuwa wamemzoea kulipa mapema wakagundua kwamba hakuna aliyewahi kumwomba jambo lingine lolote.

Wakati watu wanaondoka Kunguru alimshika Mhanga sikio. "Na KRA, watoza ushuru, Mzee?"

"KRA wana nini na mimi? Mimi nina vyumba kumi tu."

"Vyumba kumi ni 300,000 kwa mwaka. Ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi unaanzia 288,000 kwa mwaka mpaka milioni 15. Ulikuwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, bila kutoa simiti wala misumari. Unajaza kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba vikijaa mwaka mzima, wewe ni 22,500." Mhanga alikaa chini kwenye mzizi wa mkuyu. Lakini jioni ile ile alinunua daftari.

Ule mlango aliurudisha yeye mwenyewe. Aliupigilia kwa bawaba mpya, na Ngiri akamshikia msumari. Hawakuongea sana. Mama Ngiri alitoa chai.

Nisiseme mambo yakanyooka. Nguchiro walihama usiku wa siku ya ishirini na tisa, wote, kimya kimya, wakaondoka na kufuli na balbu ya uwanjani na deni la mwezi. Mhanga hakuwa amewahi kuuliza kwao ni wapi wala jina la mtu wa kumpigia simu, kwa hiyo deni lile lilikufa. Choo kililazimika kunyonywa kwa lori na gharama ikawa yake.

Chumba cha Nguchiro kilimpata Kima, kijana anayefanya kazi mjini. Safari hii Mhanga aliingia naye ndani kabla ya kupokea shilingi. Walianza mlangoni: komeo moja, bawaba tatu, kufuli la mpangaji. Wakatazama sakafu, ufa mmoja kuelekea dirishani, ukaandikwa na ukapigwa picha kwa simu zote mbili. Wakatazama dari. Mhanga aliuliza wanaolala humo ni wangapi, wageni watakaa siku ngapi bila kuambiwa, mshahara unaingia tarehe gani. Kima alisema tarehe saba. "Basi kodi yako ni tarehe nane," Mhanga akasema, "na inakuja kwa namba yangu." Wakaandika notisi ya mwezi mmoja pande zote, namba ya kitambulisho, na simu ya shangazi yake aliyeko Kimilili. Nungunungu alikuwa shahidi, na sahihi yake ilikuwa nadhifu kuliko zote. Kazi yote haikufika saa nzima.

Tangu hapo tarehe ya kwanza ya kila mwezi Mhanga hupita vyumba vyote kumi, hubisha hodi, husubiri kukaribishwa, akauliza kama kuna kinachovuja. Ngiri alimaliza deni lake mwezi wa kumi na moja, mahindi yalipouzwa.

Wenye ploti wa Kibomet, Tuwani na Matisi, nanyi wa Webuye na Kanduyi, nawaomba jambo moja kabla mvua hazijaanza: nendeni wenyewe, mbishe hodi kila chumba, mwandikiane na waliomo, hata kama wameishi humo miaka mitano kwa mdomo. Andikeni kodi inaingia namba ya nani, nani anatengeneza nini, notisi ni ya muda gani, na kama mlichukua amana, itarudi lini na itakatwa kwa lipi. Nawe unayepanga, usikabidhi pesa mkononi bila kupewa maandishi, na siku mwenye nyumba atakapokuambia "tutaelewana", mwambie kwa heshima, "Ndiyo, Mzee, tuelewane sasa hivi," kisha umpe kalamu.